Yuda Mwana wa Yakobo na Bei ya Ndugu Yake

Ndugu msomaji, jina la Yuda likitajwa wengi humkumbuka Yuda Iskariote, yule asemwaye kuwa alimsaliti Nabii Isa (a.s.). Hatumsemi huyo. Twamsema Yuda mwana wa nne wa Yakobo (a.s.) na Lea, ambaye kabila lake lilikuwa kubwa hata taifa zima likaitwa Wayahudi, na ambaye katika uzao wake alitoka Nabii Daudi (a.s.). Pamoja na heshima yote hiyo, Torati haikuificha aibu yake.

Ndugu walipofanya shauri la kumwua Yusufu, Yuda ndiye aliyewaambia kuwa damu ya ndugu yao haitawafaa kitu, basi wamwuze (Mwanzo 37:26-27). Akauzwa kwa Waishmaeli kwa vipande 20 vya fedha. Kurani Tukufu haitaji hata jina moja la ndugu hao, wala haihesabu fedha. Yasema tu kwamba bei ilikuwa duni (12:21). Wako wanaomsifu Yuda kwa kuokoa uhai. Sifa hiyo ni ndogo mno, maana baba yao aliletewa kanzu yenye damu, na wao wakabaki na fedha.

Mtu wa Kilwa asidhani kuwa hii ni habari ya Kanaani peke yake. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, ampe watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa kwa piasta 20, wapelekwe Île de France, kisiwa kiitwacho leo Morisi. Piasta ilikuwa sarafu ya fedha. Ishirini zile zile! Na huu ndio mji ambao Ibn Battuta, alipoufikia mwaka 1331, aliwasifu watu wake kwa ucha Mungu. Baadaye soko likawa Kilwa Kivinje, mwisho wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa, hata Sultani Barghash akakataza biashara hiyo baharini mwaka 1873 na misafara ya bara mwaka 1876. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922.

Wanaoichunguza dini yetu hutuuliza juu ya jambo hili, na wana haki ya kuuliza. Wengine miongoni mwetu hujibu upesi kwamba walionunua ni Wafaransa. Kweli walinunua, kama Waishmaeli walivyonunua, lakini Torati haikumfanya mnunuzi kuwa ngao ya Yuda. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshitaki wa mtu auzaye mtu huru akala thamani yake. Mwislamu aliyefanya hivyo aliiasi dini yake, na heri tuseme hivyo waziwazi.

Sasa tumtazame Yuda miaka mingi baadaye, huko Misri. Kikombe kimeonekana katika gunia la Bin Yamini, naye ni mtoto wa mama yule yule wa Yusufu, kipenzi cha baba vile vile. Kumwacha ilikuwa rahisi, na safari hii bila hata kosa lao. Yuda akasogea mbele, akaomba yeye abaki kuwa mtumwa na kijana arudi kwa baba yake (Mwanzo 44:33). Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, ameandika kwamba toba kamili hujulikana mtu akutwapo na nafasi ile ile ya dhambi yake, anao uwezo wa kuitenda tena, naye akaiacha. Yuda alikutwa hapo hapo.

Ndugu zetu Wakristo waliangalie vizuri jambo moja. Kurani Tukufu yaeleza kwamba ndugu waliomba mmoja wao ashikwe badala ya Bin Yamini, na Yusufu (a.s.) akakataa, kwa kuwa kumshika asiyeonekana na mali ni dhuluma (12:79-80). Katika Mwanzo pia Yuda hakutiwa utumwani. Yusufu alilia, akajitambulisha. Badala haikupokewa, moyo uliogeuka ndio uliopokewa. Wapi basi msingi wa kafara?

Kisha Yusufu akawaambia kuwa siku hiyo hakuna lawama juu yao (12:93), na maneno hayo Mtume (s.a.w.) aliwaambia Makureshi alipoingia Makka mwaka 630. Lakini tukumbuke kuwa aliyesamehe ni yule aliyeuzwa. Sisi wa pwani hatuwezi kujisamehe kwa niaba ya wale waliopita Kivinje na minyororo. Tunaloliweza ni hili: akija kijana kuposa, Kilwa au Lindi, naye ana swala na tabia njema, mzazi asimkatae kwa kuwa bibi yake aliletwa na msafara. Hapo ndipo nafasi ya Yuda inapotufikia sisi.

Mwenyezi Mungu atujalie tuitambue itakapofika. Amin.