Usitoe Globu: Taa za Dashibodi na Kichwa cha Yohane Mbatizaji



Kila tarehe 29 Agosti Kanisa linakumbuka mateso ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, yaani siku aliyokatwa kichwa. Injili ya siku hiyo ni Marko 6:17-29. Wengi wetu tumeisikia tangu tukiwa watoto wa mafundisho: Herode, sikukuu ya kuzaliwa, binti anayecheza, kiapo cha kijinga, na kichwa kwenye sinia. Leo naomba tuisome tukiwa tumekaa kwenye kiti cha dereva.

Mimi ni fundi. Nafanya kazi gereji moja hapa Kibaoni, Ifakara. Magari tunayoletewa si mapya: Noah, Hiace, Probox, Land Cruiser za zamani. Kilomita 250,000, kilomita 300,000, na bado yanabeba watu na magunia ya mpunga. Gari la umri huo haliishi bila taa kuwaka kwenye dashibodi. Na nimegundua kwamba wateja wanagawanyika makundi mawili. Wapo wanaouliza, "Fundi, hii taa inasema nini?" Na wapo wanaosema, "Fundi, hii taa inanikera, izime."

Hapo ndipo Injili inapoanzia.

Taa si adui yako

Kwanza tuelewane kuhusu taa zenyewe. Taa nyekundu maana yake simama. Ukiona ile yenye picha ya birika la oili imewaka wakati unaendesha, presha ya oili imeshuka. Zima injini hapo hapo. Usiseme "nitafika tu, ni karibu". Dakika chache za chuma kusugua chuma bila oili zinatosha kuua injini. Ya joto la injini ni hivyo hivyo: simama, subiri ipoe, na usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, utaungua. Wanaopandisha mlima kwenda Mahenge na rejeta mbovu wanaijua shida hii.

Taa ya njano ni tofauti. Inasema: unaweza kuendelea, lakini usinisahau. Taa ya injini inaweza kuwashwa na plagi iliyochoka, sensa chafu, hata kifuniko cha tangi la mafuta kisichofungwa vizuri. Ila ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo: injini inamisi, na mafuta yasiyoungua yanaenda kuharibu masega.

Kanisa nalo limetufundisha kutofautisha. Ipo dhambi ya mauti: jambo ni zito, unajua kuwa ni zito, na umeamua kwa hiari yako. Hiyo ni nyekundu. Inakata urafiki na Mungu, haisubiri Pasaka ijayo. Na ipo dhambi nyepesi, ile ya njano. Njano mia moja hazigeuki kuwa nyekundu moja kwa kuhesabiwa tu, lakini ukizizoea zinakulainishia njia ya kufika kwenye nyekundu.

Anayewasha taa hizo ndani yetu ni dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 16 ya mwaka 1965, unaieleza dhamiri kama mahali pa siri kabisa pa mtu, patakatifu pake, anapobaki peke yake na Mungu na kuisikia sauti yake. Kwa hiyo taa ikiwaka ndani yako, usikimbilie kusema "Mungu ananichukia". Aliyekuchukia angekuacha uendeshe mpaka injini ife.

Herode alitoa globu

Sasa rudi kwa Herode. Alikuwa amemchukua Herodia, mke wa ndugu yake Filipo. Yohane akamwambia wazi kwamba si halali. Ni taa nyekundu hiyo, haina mjadala.

Angalia Herode alivyofanya. Marko anasema alimwogopa Yohane kwa kuwa alimjua ni mtu mwadilifu na mtakatifu. Tena alipenda kumsikiliza, ingawa maneno yake yalimfadhaisha. Yaani huyu bwana hakuwa mpagani asiyejali. Alikuwa kama sisi tunaopenda mahubiri mazuri, tunashea kipande cha padre kwenye status, tunasema "ujumbe mzito huu", halafu tunarudi kwenye kile kile. Alipenda mwanga wa taa, ila injini hakutaka iguswe.

Katika Injili ya Yohane 5:35, Yesu mwenyewe anamwita Yohane Mbatizaji taa iliyowaka na kuangaza. Basi Herode aliifungia taa gerezani kwanza, na mwisho akaitoa kabisa. Kwenye magari ya zamani kazi hiyo ni ya dakika chache tu: unafungua skrubu za dashibodi, unachomoa globu ndogo ya nyuma, unarudisha. Dashibodi inakuwa safi. Je, oili imerudi? Wapi!

Na dhamiri ya Herode haikunyamaza. Soma mstari wa 16: aliposikia habari za Yesu, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Yohane, yule niliyemkata kichwa, amefufuka. Ukizima taa, hofu inahamia sehemu nyingine. Inakufuata usiku, inakufuata kwenye utani, inakufuata mpaka kwenye jina la mtu ambaye hukutegemea kulisikia.

Washa ufunguo kwanza

Nieleze kitu ambacho fundi hufanya kabla hajanunua wala kupitisha gari kuukuu. Unaweka ufunguo kwenye "on" bila kuwasha injini. Taa nyingi za tahadhari zinatakiwa kuwaka zenyewe, halafu injini ikishanguruma zinazimika. Hicho ni kipimo cha taa zenyewe. Taa ambayo haiwaki hapo mwanzoni ndiyo ya kuitilia mashaka, kwa sababu huenda imeungua au imetolewa.

Baada ya mavuno, mpunga ukishauzwa, watu wa bonde hili hununua vyombo vya usafiri. Baba mmoja alikuja gereji na Noah aliyokuwa anataka kulipia. Muuzaji alikuwa naye. Dashibodi ilikuwa nzuri mno, haina taa hata moja, na yule baba alikuwa amefurahi. Nikaweka ufunguo kwenye "on". Taa ya betri ikawaka, ya breki ikawaka, ya injini ikawaka. Ya oili kimya.

Muuzaji alinivuta pembeni. "Dogo, usiniharibie biashara. Chukua hii hamsini, mwambie gari liko poa."

Nikamjibu, "Samahani kaka, siwezi." Nikarudi kwa yule baba, nikamwambia, "Mzee, hapa kuna taa ya oili haiwaki. Usitoe hela yako mpaka tupime presha ya oili." Muuzaji hakukubali tupime. Alipanda gari lake akaondoka. Naye alikuwa mtu anayetuletea wateja wengi, kwa hiyo wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwangu pale gereji. Siandiki haya ili mnipigie makofi. Kichwa changu bado kiko shingoni. Naandika kwa sababu kijana anayeanza kazi anatakiwa ajue mapema: siku utakayokuwa taa kwa mwenzako, kuna mtu atataka kukuzima, na mara nyingine atakuja na pesa mkononi, si na upanga. Yule baba alikuwa ameshika fedha za mavuno ya mwaka mzima.

Sasa jipime wewe. Kuna kijana anasema, "Mimi sina shida, dhamiri yangu haiishtuki kwa lolote." Sawa. Lakini ukimya wa taa una maana mbili: ama injini ni nzima, ama globu haipo. Utajuaje? Weka ufunguo kwenye "on". Kaa kimya dakika kumi jioni, mbele za Mungu, pitia siku yako. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha wenzake kufanya hivyo kila siku. Taja amri moja moja. Taja kubeti kwa hela ya ada. Taja picha unazotazama usiku. Taja yule binti uliyemwahidi ndoa huku ukijua hutamwoa. Kama hakuna kinachowaka hata kidogo hapo, usishangilie. Mwombe Mungu akurudishie taa.

Taa ya betri

Kuna taa moja nyekundu inayodanganya watu kwa upole. Ni ya betri. Ikiwaka safarini, mara nyingi maana yake altaneta haichaji. Gari linaendelea kwenda. Redio inapiga. Unasema mbona safi tu? Lakini unatumia akiba. Ukitoka Kibaoni jioni kuelekea Lupiro, ukavuka Daraja la Magufuli, giza likiingia utaona taa za mbele zinafifia kidogo kidogo. Halafu gari linazima, uko porini.

Vijana wengi tuko hivyo. Tulichajiwa vizuri: mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, Kipaimara, rozari ya bibi, jumuiya. Halafu tukahamia mjini au chuoni, Misa ikawa ya Krismasi na Pasaka, sala ikawa ya siku ya mtihani. Na maisha yanaendelea, redio inapiga. Ndugu yangu, hiyo ni akiba ya bibi unayotumia. Usiku wa kweli ukija, msiba, ugonjwa, kuachwa, ndipo utajua kama altaneta inachaji.

Kwa wale ambao taa haizimiki

Lazima niseme na hili pia, maana wapo wanaonitumia ujumbe wakilia. Wakati mwingine gari ni zima, mbovu ni sensa. Taa inawaka bila sababu. Vivyo hivyo, kuna vijana wenye dhamiri yenye wasiwasi: wameungama, wameondolewa, bado wanaona hawajasamehewa, wanarudia dhambi ile ile kwa padre kila wiki. Dawa yake si kuvunja dashibodi, wala si kujitesa. Tafuta padre mmoja wa kukuongoza, mweleze yote, kisha mtii. Akikwambia "hilo limekwisha", amini limekwisha. Mashine ya kusoma gari inatoa namba inayoonyesha eneo la tatizo tu. Inahitaji fundi kusema kimeharibika nini, au kama hakuna kilichoharibika.

Gari kuukuu na Fundi wake

Ujanja mwingine wa gereji: unachomoa waya wa betri, unasubiri, unarudisha. Taa imezima! Baada ya kilomita kadhaa kompyuta ya gari inajipima upya, na taa hiyoo. Ndivyo zilivyo ahadi zetu za Mwaka Mpya. "Kuanzia leo naacha." Wiki mbili, imerudi. Si kwamba hukumaanisha. Ni kwamba uligusa taa, hukupeleka injini kwa Fundi.

Fundi yupo kwenye Sakramenti ya Kitubio. Pale padre hauzi siri yako. Amefungwa na muhuri wa kitubio, hawezi kuitoa kwa neno wala kwa ishara. Anayesamehe ni Kristo. Kanisa linatudai tuungame dhambi za mauti walau mara moja kwa mwaka, lakini gari lenye kilomita nyingi halifanyiwi sevisi mara moja kwa mwaka. Kadiri lilivyochoka, ndivyo linavyohitaji oili mapema.

Wewe uliyekaa miaka mitano, miaka sita bila kuungama, nisikilize. Unaogopa kwa sababu unajiona umechoka kupita kiasi. Unadhani padre atashangaa. Mimi fundi tu, na sijawahi kumcheka mtu kwa kuleta gari bovu gereji. Gereji ni kwa ajili hiyo. Huyo Fundi mwingine alizaliwa kwa ajili hiyo. Kama umesahau namna ya kuungama, mwambie padre, "Baba, ni muda mrefu, nisaidie." Atakusaidia. Mfalme Daudi, nabii Natani alipomwonyesha dhambi yake, hakumkamata nabii. Alikiri papo hapo. Wafalme wawili, Daudi na Herode, wote waliwashiwa taa nyekundu. Tofauti ni walichoifanyia.

Wiki hii fanya matatu. Kila jioni weka ufunguo kwenye "on", dakika kumi za kutafiti dhamiri. Chagua siku ya kuungama na uitaje kwa rafiki mmoja atakayekukumbusha. Na kama kuna mtu aliyekwambia ukweli ukamnunia, mama yako, katekista, mchumba, rudi kwake ukamshukuru.

Tusali: Bwana Yesu, asante kwa taa ulizoweka ndani yetu na kwa watu uliotuwashia njiani. Utusamehe pale tulipozifunika. Utupe moyo wa Daudi wa kukiri na ujasiri wa Yohane wa kusema kweli bila kuuza bei. Waongoze vijana wote walio mbali na sakramenti zako warudi bado kukiwa mchana. Amina.

Mtakatifu Yohane Mbatizaji, utuombee.