Mandari ya Marafiki na Haki ya Aliyebaki Nyumbani

Limeletwa mbele ya darasa yetu swali ambalo umbo lake ni dogo, na ndani yake mna jambo kubwa. Aliyeuliza ni mtu wa Msambweni. Yeye na wenziwe sita walisoma chuo kimoja utotoni, na suhuba yao sasa imepita miaka 30. Mwezi wa Agosti, watoto walipokuwa likizoni, walikata shauri kwenda mandari pamoja na watoto wao: kulala siku mbili Diani, siku moja kushuka Shimoni na kupanda chombo kwenda Wasini na Kisite kutazama samaki na pomboo, na siku ya pili kuvuka Likoni kuwapeleka watoto kiwanja cha pumbao mjini Mombasa, penye mabembea na mahali pa kuteleza majini. Ikapigwa hesabu, kila mtu akapangiwa fungu lake sawa na mwenziwe. Sita wakalipa. Wa saba akaleta udhuru ya kwamba mamake ni mgonjwa. Wakaenda, wakafurahi, wakarudi. Khalafu ikadhihirika kuwa mama alikuwa mzima wa afya. Kilichokuwa kigonjwa ni kifuko cha mwanawe. Muulizaji asema: Je, mwenzetu hakupata dhambi kwa kusema uwongo? Na sisi tulio kwenda, tuna lawama gani?

Wako katika darasa walioharakia kujibu ya kwamba lawama yote ni katika kule kwenda kwenyewe. Kwamba watu wazima wenye ndevu kupanda mabembea na kupiga kelele majini ni upuuzi usiomfaa Muislamu. Jawabu hili hatulikubali. Imethubutu katika Bukhari na Muslim ya kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume siku ya Idi, naye (s.a.w.) akamwacha Bi Aisha awatazame mpaka alipochoka mwenyewe. Na imepokewa kuwa alishindana naye kwa mbio. Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na mara ya pili, baada ya miaka, akashindwa. Na Hanzala alipojidhania kuwa mnafiki, kwa kuwa moyo wake mbele ya Mtume ulikuwa kama unaoiona Pepo na Moto, na akirudi kwake hucheza na watoto na kushughulika na mkewe, Mtume hakumkemea; alimfahamisha ya kwamba mwanadamu ana saa hii na ana saa ile. Dini haikuja kuwanunisha watu. Mwenye kumpandisha mwanawe bembea akacheka naye ana thawabu akinuia mema, wala haina haja ya kumtafutia kosa.

Masharti yanajulikana, na tutayapita upesi. Pwani ya Diani ni ndefu. Mtu aweza kukaa mbali na penye ulevi na uchi, na asiyeweza kupapata mahali pa namna hiyo na arudi. Sala isipotezwe kwa ajili ya mchezo. Na hapa twaongeza jambo moja kwa sababu tumelisikia likisemwa: mtu atokaye Mombasa kwenda Diani, au atokaye Msambweni kwenda Diani, hana ruhusa ya kupunguza sala kwa madhehebu yetu ya Shafi, kwani masafa ya kupunguza ni kilomita 80 na zaidi, na hizo safari mbili hata nusu yake hazifiki. Jina la "likizo" halimgeuzi mtu kuwa msafiri. Na msikiti wa Kongo uko pale pale, mlangoni mwa mto Mwachema, chini ya mibuyu, umejengwa kwa mawe tangu karne nyingi na ungali ukisaliwa. Aliye Diani hana udhuru.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Imepokewa ya kwamba mtu alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (r.a.), naye akamwuliza: je, u jirani yake? Umefanya naye biashara ya dirhamu na dinari? Umesafiri naye? Alipojibu la, Umar akamwambia kuwa hamjui. Wanavyuoni husema safari imeitwa safari kwa sababu yafunua tabia za watu. Na sisi twasema, safari hii ya Diani imewafunua hawa ndugu saba kabla hata gari halijaondoka: iliwafunua siku ya kupiga hesabu.

Muulizaji ajitetea kwa kusema, "Tuligawa sawa kwa sawa, na usawa ndio uadilifu." Hapa ndipo penye fundo. Mmoja wao ni mwenye mshahara wa kila mwezi hotelini. Mwengine ana duka Ukunda. Huyu wa saba ni mvuvi wa ngalawa. Na Agosti ni mwezi wa kusi, bahari ni chafu, siku nyingine chombo hakishuki, na kikishuka hakirudi na kitu. Shilingi elfu moja mkononi mwa yule wa hotelini na shilingi elfu moja mkononi mwa huyu si kitu kimoja, ijapokuwa ni noti moja. Na katika hao sita waliolipa, yuko aliyekuwa mfanyakazi katika machimbo ya titani ya Kwale, yaliyokoma mwezi wa Disemba 2024. Twaambiwa fungu lake yeye alilikopa. Basi katika watu saba, mmoja alibaki kwa sababu hana, na mmoja alikwenda na deni, na hapana kati ya wale watano aliyejua. Suhuba ya miaka 30!

Wazee wetu wa pwani wana neno lao kwa jambo hili, nalo ni kula bia. Wala sisemi ile inywewayo, Mungu atuepushe nayo. Kula bia ni watu kukusanya vitu vyao na kula pamoja. Na Waarabu huiita nahdi, na Imamu Bukhari amekianza kitabu cha ushirika katika Sahihi yake kwa mlango wa jambo hili. Mna hadithi mbili ndani ya mlango huo zitutoshazo. Ya kwanza ni ya kabila la Ashari, watu wa Abu Musa. Hao walikuwa vitani au hata mjini Madina, chakula cha ahali zao kikipungua, hukusanya chote walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawanya kwa chombo kimoja, sawa kwa sawa. Mtume akawasifu kwa sifa ambayo watu wachache wameipata: kwamba wao ni wake, naye ni wao.

Tazama vizuri. Hao watu wa Ashari usawa wao ulikuwa wapi? Ulikuwa katika kupokea. Katika kutoa, kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mwenye pishi alitoa pishi, na mwenye konzi alitoa konzi, na hapana aliyesimama kwenye nguo kuandika nani ametia ngapi. Sisi tumelipindua jambo hili. Tumeweka usawa katika kutoa, na asiyefikia kiasi akafungiwa mlango, kisha tukajisifu kwa uadilifu.

Hadithi ya pili ni ya jeshi la watu 300 lililopelekwa upande wa pwani, amiri wao akiwa Abu Ubayda. Vyakula vilipopungua, aliamuru kila aliye na kitu akilete, vikakusanywa, akawa akiwapa kidogo kidogo kila siku, mpaka ikawa fungu la mtu ni tende moja. Jabiri alipoulizwa tende moja yafaa nini, alijibu ya kwamba walijua thamani yake ilipokwisha. Khalafu bahari ikawatupia samaki mkubwa kama kilima kidogo, wakamla siku 18 kwa riwaya moja. Watu wengi hupenda kuhadithia samaki. Mimi napenda zaidi ile tende, kwa kuwa aliyetoka na kikapu na aliyetoka mikono mitupu walipata moja moja.

Na Imamu Ghazali, katika kitabu cha Ihya, alipotaja haki za udugu na suhuba alianza na haki ya mali, akaiweka daraja tatu. Ya juu ni kumtanguliza nduguyo kuliko nafsi yako. Ya kati ni kumfanya sawa na nafsi yako. Na ya chini kabisa ni kumtimizia haja yake kwa kilichokuzidi, kabla hajaomba. Ukimfikisha kuomba, basi umekwisha punguza haki ya udugu. Kama kumfikisha kuomba ni upungufu, kumfikisha kutunga ugonjwa wa mamake ni nini?

Hapana budi mtu atauliza: Je, mwenye mali asistarehe mpaka masikini wote wastarehe? Sivyo tusemavyo. Mwenye nacho akitaka kuwachukua mkewe na wanawe kwenda Diani, au Unguja, au popote pa halali, na aende kwa furaha, hatuna neno naye. Lakini hawa hawakwenda kwa majina yao. Walikwenda kwa jina la "sisi wa chuo kimoja", na jina hilo ni mali ya watu saba. Mwenye kuita watu kwa jina la wote hana haki ya kupanga gharama iliyo juu ya mmoja wao. Mfano wake ni wa imamu: akisali peke yake, na arefushe apendavyo, akisalisha watu, ameamriwa apunguze, kwani nyuma yake mna mnyonge, na mzee, na mwenye haja. Watu hutaja hapa maneno ya kwamba mnyonge ndiye amiri wa msafara, na kuyafanya ni hadithi. Kwa lafudhi hiyo hayakuthubutu, wala hayafai kunasibishwa na Mtume. Lakini maana yake ni sahihi, kwa kuwa alipomfanya Uthman bin Abil Asi kuwa imamu wa watu wake alimwamuru amfuate aliye dhaifu wao.

Tena liko jambo ambalo muulizaji hakuliuliza; alilitaja tu katika kueleza, na mimi naliona ni kubwa kuliko alilouliza. Wale sita walipokuwa huko walipeleka picha katika kundi lao la simu: watoto wakiteleza majini, wao wenyewe chomboni, sinia za samaki na kaa huko Wasini. Na yule wa saba yumo katika kundi hilo, na wanawe huishika simu yake. Mtume alimwusia Abu Dharr ya kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awaangalie jirani zake. Harufu ya mchuzi hupita ukuta mmoja tu. Picha hizi ziliingia mpaka mvunguni mwa kitanda chake.

Ama uwongo wake, ni uwongo, na hatuuhalalishi. Angeweza kusema, "Sitaweza mara hii," akanyamaza. Na wenye akili wangetosheka. Au angesema neno la pande mbili, ambalo wanavyuoni wamelipa nafasi mtu akidhikika. Kumsingizia mzazi ugonjwa ni jambo la kutubia. Lakini Qurani imewataja kwa sifa njema mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Na huyu nduguye alikuwa akiilinda heshima hiyo hiyo, akakosea njia. Na walioujenga mlango usioingilika ila kwa fedha au kwa aibu wana fungu lao katika kosa hilo. Watu wa Msambweni na Ramisi hawahitaji kufundishwa haya. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wenye mishahara wa jana walikuwa wakopaji wa leo, na baba zetu waliishi kwa kufichiana aibu zao wenyewe kwa wenyewe.

Wafanye nini sasa? Wasimpelekee fedha. Qurani imeeleza kuwa sadaka hubatilika kwa masimango na udhia, na bahasha iletwayo baada ya mandari ni simango lililofungwa gundi. Wala wasimwite kikaoni kumtaka radhi mbele ya watu, wakamvua nguo mara ya pili. Waende kwake, wawili au watatu, wakae barazani pake, wale atakachowapa, wasitaje Diani. Na kaskazi ikiingia, bahari ikatulia, wapange mandari nyingine hapo hapo Msambweni: yeye awe nahodha katika ngalawa yake, mwenye duka alete mchele, mwenye shamba alete mihogo na madafu, yule wa machimbo alete mikono yake ya kupika, na watoto waogelee bure. Na hapo pasiandikwe hesabu.

Limebaki swali lao la mwisho. Katika mchango ule zilibaki shilingi kidogo, na mmoja wao ashauri apewe yule wa saba. Hukumu yake ni kwamba fedha hizo ni za wale sita kwa mafungu yao, na haijuzu kuzitoa ila kwa ridhaa ya kila mmoja. Na ridhaa hiyo wasiulizwe mkutanoni, kwani mtu mbele ya wenziwe huona haya kukataa, na wanavyuoni wamesema kichukuliwacho kwa upanga wa haya ni haramu. Aulizwe kila mtu peke yake, na wa kwanza kuulizwa awe yule aliyekopa. Naye akitaka fungu lake arudishiwe, arudishiwe bila ya neno.