Andika Jua Likingali Juu

Mwanangu, keti. Neno hili nimelisema hapa Mahagi hadi kwenye matanga, na nimechoka kulisema huko. Nalisema tena kwa ajili ya mtoto wako mwenye pumu.

Wewe ukivuka mpaka kwenda soko la Paidha, anabaki na nani? Na bibi yake, ambaye hajui pampu ipi ni ya kila siku na ipi ni ya kuokoa. Unayoyajua wewe kichwani hayamsaidii bibi. Chukua kaye, nenda kituo cha afya mtoto akiwa mzima, umwombe muganga aandike dawa, kipimo na dalili, kwa maneno ambayo nyumba nzima itasoma.

Kwa siku njema, aandike dawa ya kuzuia, kama beklometazoni. Wengi huiacha hapo kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Inapunguza uvimbe wa njia za hewa polepole, kwa majuma. Salbutamoli, ile ya kuokoa, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini huuacha uvimbe palepale. Mtoto anayeihitaji kila siku bado ni mgonjwa, hata akicheza. Kama hamna kifaa cha kuvutia dawa, mwulize muganga juu ya chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni pampu iingie na kubana. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba inafaa.

Sasa sikia vizuri. Mtoto akiamka usiku kwa kikohozi, au akisimama njiani kutafuta pumzi, hiyo ndiyo siku ya kushughulika. Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na hatari za barabara ya RN27 unazijua. Motari gani atakubeba gizani? Kwa hiyo iandikwe pia: dawa isipomtuliza mchana, mnaondoka jua likingali juu.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, hakuna kungoja asubuhi hata kidogo. Apewe pampu kama ilivyoandikwa, huku mkimpigia muuguzi wa zamu na jirani mwenye pikipiki. Namba zao ziwe kwenye karatasi hiyohiyo.

Toa nakala mbili. Moja bandika ukutani karibu na dawa, nyingine mpelekee mwalimu wake. Nenda kesho, mwanangu, nakuomba.