Nyayo za Mtakatifu Mateo

Katika nyumba nyingi za Wakristo imetundikwa picha ya mtakatifu: mavazi safi, uso laini, macho yakitazama mbinguni. Picha hizo twazipenda, nazo hutusaidia kusali. Lakini zaweza pia kutudanganya, tukadhani utakatifu ni wa watu wasiopata kushika jembe.

Mwaka 1602 mchoraji Caravaggio aliagizwa kuchora picha ya Mtakatifu Mateo Mwinjili, iwekwe juu ya altare katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Alimchora mtu mwenye upara, ameketi akikunja mguu juu ya mguu, magoti wazi, wayo ukiwaelekea waamini. Anakikodolea macho kitabu kama mtu asiyezoea kalamu, na malaika amemshika mkono kumwongoza kuandika. Kwa habari ya Bellori, aliyeandika mwaka 1672, mapadre waliikataa: mtu huyo, walisema, hana heshima wala sura ya mtakatifu.

Tusiwalaumu upesi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulikwisha kuagiza kwamba picha za kanisani zisiwe na jambo lisilo la adabu. Hata hivyo mchoraji alikumbuka neno tulisahaulo sisi. Mateo alikuwa mtoza ushuru, mtu wa kuchukiwa na jirani zake, naye Bwana wetu hakungoja atakate ndipo amwite. Alimwita pale pale penye meza ya fedha.

Basi mama atokaye shambani jioni, nyayo zimepasuka, akapiga magoti kusali rozari pamoja na watoto wake, ni nani aliyemwambia kwamba watakatifu hawakufanana naye? Na kijana aonaye haya kusali kwa kuwa hajui maneno mazuri, amtazame malaika yule: hakumcheka Mateo, alimshika mkono.

Picha hiyo ya kwanza ilipotea mjini Berlin mwaka 1945. Twaijua sasa kwa picha zilizopigwa zamani tu. Ya pili, aliyoichora Caravaggio badala yake, ipo mpaka leo juu ya altare ile. Humo Mateo amevaa vazi refu, kichwani ana duara la nuru, na malaika yuko juu hewani, akimhesabia kwa vidole. Hiyo ilipokewa. Lakini ukitazama chini, kiti kidogo alichoegemeza goti kimeinama, mguu wake mmoja ukining'inia ukingoni, na Mtakatifu bado hana viatu.