Kanuni Isiyo na Mwalimu

Chukua ramani ya nchi za Maziwa Makuu usome majina ya miji kwa sauti. Kuna Kigoma, Kibondo, Kigali, Kibuye na Kirundo. Kuna pia Gitega, Gisenyi, Gitarama na Gikongoro. Mengine yanaanza na Ki-, mengine na Gi-, na mipaka ya nchi haisaidii kueleza tofauti hiyo: Rwanda ina aina zote mbili, Burundi vilevile. Mtu anaweza kupita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo miaka nenda rudi asijiulize kwa nini.

Jibu liko kooni. Mtu akiweka vidole kooni akatamka z kwa kuivuta, atahisi mtetemo. Akitamka s, mtetemo unakatika. Wanaisimu huita sauti za aina ya kwanza ghuna na za pili si ghuna. B, g na r ni ghuna. T, s, k, f na h si ghuna. Sasa turudi kwenye majina. Penye Gi-, konsonanti inayofuata ni si ghuna: Gi-tega, Gi-senyi, Gi-kongoro. Penye Ki-, inayofuata ni ghuna: Ki-bondo, Ki-goma, Ki-rundo. Ni kama ulimi unakataa kutamka k ya kiambishi ikiwa konsonanti ya mbele yake nayo haitetemeshi koo, kwa hiyo ile k inageuka kuwa g.

Waha, wenyeji wa Kibondo na Kasulu, huita lugha yao, yaani Kiha, Igiha, na ya jirani zao Warundi ni Ikirundi. Kiambishi ni kimoja; kinacholeta tofauti ni h na r. Kwa Warundi, Kiswahili ni Igiswahili na Kifaransa ni Igifaransa, lakini Kinyarwanda kinabaki Ikinyarwanda. Hata kitabu, neno lililotoka Uarabuni na kupanda huku bara kutoka pwani, lilipofika kwenye vilima hivi likawa igitabo. Kiswahili hakina desturi hiyo: kiti, kisu na kigoda vyote vinachukua ki- bila kujali kinachofuata.

Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Kimoraviani aliyefanya kazi Unyamwezi, mashariki ya Buha, nchi ya Waha, akauona mwenendo wa namna hii katika Kinyamwezi. Mwaka 1903 mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof akaupa jina lake. Mwenendo huo unapatikana mbali zaidi ya hapo. Wakikuyu wa Kenya huita lugha yao Gĩkũyũ, na ile G ya mwanzo ina sababu hiyohiyo.

Hapa ndipo isimu inapogeuka kuwa falsafa. Bibi wa Kibondo ambaye hajawahi kusikia jina la Dahl huifuata kanuni hii kutwa nzima. Hakufundishwa na mama yake, kwa sababu mama naye hakujua kwamba anayo. Ukimuuliza kwa nini anasema Igiha, atakujibu kwamba ndivyo inavyosemwa, na jibu hilo ni la kweli kabisa. Je, anaijua kanuni hiyo au haijui?

Mwanaisimu Noam Chomsky wa Marekani alijenga taaluma nzima juu ya jibu la kwanza: anaijua, ila ujuzi huo umefichika hata kwake mwenyewe, na kazi ya mwanaisimu ni kuufichua. Mwanafalsafa W. V. Quine hakuridhika. Alitenganisha kanuni inayolingana tu na tabia ya mtu na kanuni inayomwongoza mtu. Jiwe likidondoka, mwendo wake unalingana na sheria za fizikia, lakini hakuna anayesema kwamba jiwe linazijua. Kwa nini basi tumpe bibi wa Kibondo ujuzi ambao tunalinyima jiwe?

Pingamizi hilo ni zito na linastahili jibu. Sehemu ya jibu imo katika maneno mapya. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko, huko Marekani, aliwaonyesha watoto picha za viumbe vya kubuni vyenye majina ya kubuni, akawataka wataje wingi wake. Mara nyingi waliutaja sawasawa, ingawa hakuna aliyewahi kuwatamkia maneno hayo. Igitabo na Igifaransa yanatoa ushahidi wa aina hiyo: hayakurithiwa kwa mababu, yamepita kwenye kanuni. Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Jiwe halishtuki likiona jiwe jingine linapaa. Mtu hushtuka akisikia kiambishi kimekaa pasipo pake, na mara nyingi humsahihisha mtoto au mgeni papo hapo. Mwenye uwezo wa kuona kosa ana kipimo ndani yake, hata kama hawezi kukieleza.

Kuna majina yanayoleta ubishi. Kasulu yenyewe, na Kakonko iliyo jirani na Kibondo, yanaanza na Ka- mbele ya s na k. Kwa kanuni tungetarajia Ga-, kama Gatumba na Gasorwe za Burundi, tofauti na Kayanza na Karuzi. Ni rahisi kudhani kwamba karani aliyezoea Kiswahili ndiye aliyeyaandika hivyo. Lakini dhana hiyo haitoshi: inabidi kuwasikiliza wazee wanavyoyatamka wakiwa kwao, wakizungumza Kiha, bila kibao cha barabarani mbele yao.

Kwa kuwa Warundi nao wanaifuata, kanuni hii inazua swali jingine: Kiha kinaishia wapi? Mwanaisimu Malcolm Guthrie, alipoziorodhesha lugha za Kibantu, alikipa Kiha namba D66 na Kirundi D62. Namba mbili, lakini Mha na Mrundi husikilizana, kila mmoja akisema chake. Kambi za wakimbizi za Nduta, iliyo Kibondo, na Nyarugusu, iliyo Kasulu na iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015, zimeonyesha jambo hilo kila siku. Mpaka wenyewe ni mchanga. Wabelgiji walioshika Burundi waliishika Kigoma pia tangu 1916 hadi walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Makubaliano kati yao yangekwenda vingine, huenda Kasulu leo ingekuwa Burundi na Kiha kingehesabiwa lahaja ya Kirundi.

Mstari huo ambao sauti haziujui una uzito mkubwa kwa watu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta mjini Kigoma wakimbizi wa Kirundi waliojitambulisha kuwa Waha ili waishi kwa usalama. Ukaribu wa lugha uliwasaidia.

Upande wa pili wa mstari huo, Kirundi kikawa lugha rasmi ya Burundi, na vitabu vya shule kikapata. Kiha kina wasemaji zaidi ya milioni moja, lakini sarufi yake kubwa, iliyoandikwa na Lotta Harjula wa Finland, ilichapishwa mwaka 2004 huko Ujerumani kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kasulu anayesoma Kiswahili kidato cha tano hufundishwa tofauti ya ghuna na si ghuna kwa mifano ya Kiswahili, lugha ambayo ki- yake haibadiliki kwa sababu ya tofauti hiyo. Mwalimu wake angeweza kuandika Igiha na Ikirundi ubaoni, akaliachia darasa lieleze.