Nehemia Sura ya Tano: Ukuta Haujengwi na Ndugu Wenye Njaa



Vijana wenzangu, leo naomba tufungue pamoja Kitabu cha Nehemia. Najua wengi wetu tukisikia jina hilo tunakumbuka jambo moja tu: ukuta. Kigangoni kukiwa na mchango wa bati au wa matofali, huyo Nehemia lazima atajwe. "Tuinuke tukajenge!" Tunapiga makofi, tunatoa ahadi, tunaenda nyumbani. Si vibaya. Lakini katikati ya habari za ukuta kuna sura moja ambayo huwa tunairuka, na mimi kama mtoto wa Singida kila nikiisoma naona kama imeandikwa kijijini kwetu. Ni sura ya tano. Kabla hatujafika huko, tujue kwanza kitabu chenyewe kimetoka wapi.

Historia yake kwa kifupi

Mwaka 587 K.K. jeshi la Nebukadneza, mfalme wa Babeli, liliubomoa mji wa Yerusalemu. Hekalu likachomwa, kuta zikaangushwa, na watu wengi wakapelekwa uhamishoni. Miaka ikapita. Babeli nayo ikaanguka mikononi mwa Waajemi, na mwaka 538 K.K. mfalme Koreshi akawaruhusu Wayahudi warudi kwao. Waliorudi walijenga Hekalu upya, likakamilika mwaka 515 K.K. Lakini mji ulibaki wazi. Mji usio na ukuta zama zile ulikuwa kama nyumba isiyo na mlango: yeyote anaingia, anachukua, anaondoka.

Sasa ndipo anapotokea Nehemia. Jina lake lina maana ya "Bwana hufariji". Hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa mlei, mfanyakazi wa serikali, mnyweshaji wa mfalme Artashasta katika jumba la Shushani, mji ambao magofu yake leo yako Iran. Kazi nzuri, mshahara mzuri, mbali na nyumbani. Mwaka 445 K.K. ndugu yake Hanani alifika kutoka Yuda, na Nehemia akamuuliza swali ambalo kila aliyetoka kijijini analijua: vipi nyumbani? Jibu lilimfanya akae chini na kulia. Akafunga, akasali. Na katika sala yake hakusema "wao wamekosa". Alisema sisi, akajihesabu humo yeye mwenyewe na ukoo wa baba yake.

Katika Biblia ya Kiebrania, Ezra na Nehemia vilikuwa kitabu kimoja, nacho kimo katika sehemu inayoitwa Maandiko. Sisi Wakatoliki tunavisoma kama vitabu viwili kati ya vitabu vya historia. Sehemu kubwa ya Nehemia imeandikwa kwa "mimi", kama mtu anayeandika kumbukumbu zake. Na mambo yake si hadithi ya kutunga tu. Sanbalati, yule mpinzani wake mkubwa, ametajwa pia kama liwali wa Samaria katika barua ya Wayahudi wa Elefantine, huko Misri, iliyoandikwa mwaka 407 K.K.

Kazi ya mikono ya wote

Nikupe zoezi. Soma sura ya tatu bila kuruka majina. Najua inachosha, inafanana na daftari la mahudhurio ya Jumuiya. Lakini angalia waliomo: makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanyabiashara. Yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, aliyejenga pamoja na binti zake. Jamani, binti zake! Wamo pia watu wa Tekoa. Wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo kufanya kazi, lakini wanakijiji wa kawaida walimaliza kipande chao, kisha wakachukua na kipande cha pili.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Hapo mhubiri wa harambee hufunga Biblia. Ila Nehemia mwenyewe hakufunga, maana kati ya sura ya nne, adui anapotisha kutoka nje, na sura ya sita, ukuta unapokamilika, ameweka kelele nyingine iliyotoka ndani.

Kilio cha sura ya tano

Watu walilia, na Maandiko yanasema wazi kwamba wake zao walilia pamoja nao. Hawakuwalilia Sanbalati na Tobia. Waliwalilia ndugu zao Wayahudi.

Kulikuwa na makundi matatu. Wa kwanza walisema: tuna watoto wengi, tunahitaji nafaka tule tuishi. Wa pili: kwa sababu ya njaa tumeweka rehani mashamba yetu, mizabibu yetu na nyumba zetu ili tupate nafaka. Wa tatu: tumekopa fedha ili tulipe kodi ya mfalme. Wote wakamalizia na jambo moja: sisi na hao wanaotukopesha ni damu moja, watoto wetu ni kama watoto wao, lakini tunalazimika kuwatia watoto wetu utumwani. Baadhi ya binti zetu wameshachukuliwa, nasi hatuna la kufanya, maana mashamba ni ya wengine sasa.

Soma tena taratibu, halafu njoo Singida nami.

Kwetu mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuishia kama mwezi wa nne. Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu: jembe liko shambani, ghala limebaki vumbi. Ndipo mtu anapobisha hodi kwa mwenye nacho. Katika Jumuiya yetu yupo mama mmoja mjane ambaye Februari alichukua debe mbili za mahindi, kwa ahadi ya kulipa gunia la alizeti baada ya mavuno. Alizeti yenyewe wakati huo ilikuwa haijatoa hata ua. Mvua ikakatika mapema, gunia halikupatikana, na deni likahamia mwaka uliofuata likiwa limezaa. Mwaka wa tatu lilikuwa limekula kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe. Aliyemkopesha si mgeni. Ni Mkristo mwenzetu, wa kigango kilekile, na Dominika husoma masomo kwa sauti nzuri sana.

Mijini mambo ni yaleyale, ila yamevaa nguo nyingine. Watu wenyewe wameipa mikopo hiyo jina: kausha damu. Unakopa leo, marejesho yanaanza kesho, na ukichelewa sofa na televisheni vinabebwa watoto wakiangalia.

Na habari ya binti? Hapa nisizunguke. Wengi wenu mnaosoma mkiwa Dar es Salaam mna dada wa kazi nyumbani aliyetoka vijiji vya Singida au Dodoma. Kazi ya ndani ni kazi halali na ina heshima yake. Lakini muulize siku moja, kwa upole: uliachaje shule? Wapo watakaokwambia kwamba mwaka ule hakukuwa na chakula, na baba alikuwa na deni. Kilio cha sura ya tano kinakupikia chai asubuhi.

Nehemia alifanya nini?

Alikasirika sana. Mtu wa Mungu anaruhusiwa kukasirika mnyonge anapoonewa. Lakini hakukurupuka. Anasema alishauriana kwanza na moyo wake, kisha ndipo akawakabili wakuu na maofisa, akaitisha mkutano mkubwa. Akawaambia: sisi tumejitahidi kuwakomboa ndugu zetu waliouzwa kwa mataifa, nanyi mnawauza tena? Wakanyamaza. Hawakupata neno la kujibu.

Halafu anasema jambo ambalo linanigusa kuliko yote: mimi pia, na ndugu zangu, na watumishi wangu, tunawakopesha watu fedha na nafaka. Basi na tuache riba hii. Hakutafuta pembe ya kujificha. Alianza na mfuko wake. Akawataka warudishe siku ileile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile sehemu ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Wakakubali. Naye, kwa kuwa alijua ahadi za mkutanoni huishia mkutanoni, akawaita makuhani na kuwaapisha. Kisha akakung'uta vazi lake: asiyetimiza, Mungu amkung'ute hivi atoke mtupu. Watu wote wakasema Amina.

Nehemia hakubuni sheria mpya. Torati ilikwisha kukataza kumtoza riba ndugu maskini. Soma Kutoka 22 na Walawi 25. Nalo Kanisa halijabadili msimamo. Katekisimu, namba 2269, inapofundisha amri ya tano, yaani Usiue, inasema kwamba wale ambao kwa riba na tamaa yao husababisha njaa na vifo vya ndugu zao wanaua kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Yaani jambo hili Kanisa limeliweka chini ya amri ya kutoua. Tulitafakari hilo kabla ya kusema "biashara ni biashara".

Tena angalia maisha yake. Alikuwa liwali kwa miaka 12, na hakula posho ya chakula aliyostahili kama liwali. Waliomtangulia walitoza watu chakula na divai na shekeli 40 za fedha. Yeye alilisha watu 150 mezani pake, kila siku ng'ombe mmoja na kondoo sita na kuku, lakini hakuwadai watu posho, kwa sababu mzigo wao ulikuwa tayari mzito. Wala hakununua shamba. Hebu fikiri: wakati wa njaa mashamba huwa bei ya kutupa, na mwenye fedha ndipo anapotajirika. Nehemia alikuwa na fedha, alikuwa na cheo, na hakununua.

Neno la Mungu linakuja juu ya nini?

Sura ya nane mnaijua. Husomwa Dominika ya Tatu ya Mwaka C, ambayo ndiyo pia Dominika ya Neno la Mungu. Ezra anapanda jukwaa la mti, anasoma Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri, watu wanalia, na wanaambiwa wasihuzunike, furaha ya Bwana ndiyo nguvu yao. Wanaambiwa pia wale vinono, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu.

Fuata mpangilio wa kitabu: sura ya nane inakuja baada ya sura ya tano. Watu waliosikiliza Neno kwa machozi na furaha walikuwa wamerudishiwa mashamba. Kumtangazia furaha ya Bwana mtu ambaye shamba lake unalo wewe ni kumtania.

Niseme pia, ili tusikifanye kitabu hiki kuwa laini kuliko kilivyo, kwamba sura ya 13 ni ngumu. Nehemia anagombana na waliooa wanawake wa mataifa mengine, hata anawapiga na kuwang'oa nywele. Alikuwa akiogopa taifa dogo lisipoteze imani yake. Lakini Biblia hiyohiyo inatupa Kitabu cha Ruthu, Mmoabu aliyekuja kuwa mama wa babu yake Daudi na kutajwa katika ukoo wa Yesu. Tunavisoma vyote viwili, tukiongozwa na Kanisa na tukimtazama Kristo.

Basi sisi vijana tufanyeje?

Kwanza, uliye mbali na nyumbani, uliza swali la Nehemia kwa nia ya kusikia jibu. Tukipiga simu tunauliza "hamjambo?", tunajibiwa "hatujambo", tunakata. Mzee wa Kinyaturu hawezi kukwambia kwa simu kwamba shamba liko rehani, ataona aibu. Uliza hasa: chakula kipo hadi lini? Kuna deni la mtu? Limefika ngapi?

Pili, vijana wa VIWAWA mna uwezo kuliko mnavyodhani. Tunachangia sare za kwaya, tunachangia safari ya hija. Je, kigango hakiwezi kuwa na mfuko mdogo wa mahindi na mbegu? Mavuno yakiwa mengi, mwezi wa sita au wa saba, kila kijana atoe debe moja likahifadhiwe. Februari mwenye shida anakopa debe, na baada ya mavuno anarudisha debe, si gunia. Kamati iwe na daftari, na Baba Paroko alione.

Tatu, na hii ni ngumu. Kama wewe au wazazi wako ndio mnaokopesha, rudi kwenye sura ya tano na usikie ule ukimya wa wakuu. Mungu hakuwaangamiza. Aliwapa nafasi ya kurudisha, na Maandiko yanashuhudia kwamba walifanya kama walivyoahidi. Zakayo naye alifanya hivyo, na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ileile.

Singida tuna mawe ya kutosha kujenga kuta za Yerusalemu kumi. Mawe hayajawahi kuwa tatizo letu.

Tusali: Ee Mungu, uliyemtoa Nehemia katika jumba la mfalme akasikie kilio cha ndugu zake, fungua masikio yetu. Wakumbuke wajane waliopoteza mashamba na mabinti walioacha shule. Ulainishe moyo wa anayedai, umtie nguvu anayedaiwa, na utufundishe kusali kila siku, bila unafiki, ile sala ambayo Mwanao alitufundisha, tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki hii soma Nehemia sura ya tano, aya 19 tu. Kisha piga simu nyumbani.