Uaminifu kwa Hadithi ya Mwingine

Mwandishi anapokikabidhi kitabu chake kwa watengenezaji wa filamu, je, amewapa nini hasa: matukio, majina ya wahusika, au jambo lile lililomfanya aandike? Swali hili si geni kwa wanafasihi, lakini katika miaka hii limezidi kuwa kali, kwa sababu riwaya kubwa za maajabu za karne ya 20 zimegeuzwa kuwa filamu, tamthilia za televisheni na michezo ya kompyuta. Wapenzi wa riwaya hizo wamegawanyika makundi makundi, hawa wakilia kwamba mwandishi amesalitiwa, wale wakijibu kwamba kitabu bado kiko rafuni na hakuna aliyekichoma. Sisi tunaona kwamba ugomvi huu, ingawa mara nyingine huwa wa kitoto, umebeba suala la maadili linalostahili kufikiriwa na walimu na wanafunzi wetu.

Tuchukue mfano wa mwandishi ambaye kazi zake zimegombewa mno. J.R.R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford. Riwaya yake kubwa, The Lord of the Rings, ilitoka katika juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Kwa wale ambao hawajaisoma, kiini chake ni pete moja iliyofuliwa na mtawala mwovu aitwaye Sauron ili awatawale kwayo wengine. Pete hiyo imeangukia mikononi mwa Frodo, mtu mdogo wa kabila la wahobiti, wapenda mashamba na chakula kingi. Naye anatakiwa aipeleke kwenye mlima wa moto ilikofuliwa, akaitupe humo iteketee. Wakubwa wenye hekima hawathubutu kuifanya silaha yao, kwa kuwa mwenye kuitawalia wengine, hata kwa nia njema, huishia kuwa mtumwa wake.

Mwaka 1958 Tolkien alikuwa na muhtasari wa filamu iliyokusudiwa kutengenezwa Marekani kutokana na riwaya hiyo. Aliusoma kwa uchungu, akaandika maelezo marefu ya kuukosoa: mapigano yameongezwa pasipo sababu, tai wakubwa wanaitwa ovyo kuwabeba wasafiri, na watu wenye tabia mbalimbali wamefanywa wafanane. Lakini tuangalie vizuri alichodai. Hakudai kwamba kila ukurasa uonekane katika filamu. Alisema kwamba kama hapana nafasi ya kuonyesha vita vya ngome ya Helm's Deep pamoja na kisa cha wale wachungaji wa misitu wenye umbo la miti, basi vita ndivyo viondolewe. Filamu ile haikutengenezwa. Tolkien aliuza haki za filamu mwaka 1969, akafariki mwaka 1973. Mwaka 1978 ikatoka filamu ya michoro ya Ralph Bakshi iliyokomea njiani. Na kati ya mwaka 2001 na 2003 Peter Jackson wa New Zealand akatoa filamu zake tatu, ya mwisho ikapata tuzo 11 za Oscar. Katika filamu ya pili, kilele ni vita vya Helm's Deep.

Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi na mhariri wa maandishi aliyoyaacha baba yake, aliliambia gazeti la Ufaransa, Le Monde, mwaka 2012 kwamba kitabu kimetolewa matumbo na kufanywa filamu ya mapigano kwa ajili ya vijana. Wapo wasomaji wanaomwunga mkono neno kwa neno. Wapo pia, wala si wachache, ambao pasipo filamu hizo wasingalikijua kitabu. Waliingia ukumbini kwa ajili ya mapanga wakatoka wakizitafuta juzuu tatu. Ushahidi wao hatuwezi kuudharau.

Hapa jadi yetu wenyewe inaweza kutusaidia. Katika masimulizi ya pwani, hadithi haikupata kuwa na umbo moja. Kisa cha Fumo Liyongo kimesimuliwa kwa nathari na kwa shairi, kabla na baada ya utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Msimulizi huyu hurefusha kifungo, yule hufupisha ngoma, na hakuna anayeshtakiwa. Lakini mtu akisimulia kwamba Liyongo alishindwa na jeshi vitani, bila yule mwana aliyeshawishika kumchoma baba yake sindano ya shaba kitovuni, wasikilizaji watamwambia kwamba hiyo ni hadithi nyingine. Vilevile tunakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare, tafsiri iliyotoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi, ilhali neno mfanyabiashara alikuwa nalo. Alichagua, na uchaguzi wake aliuweka juu ya jalada, mahali ambapo kila msomaji anaweza kuupinga. Kubadili, basi, si kosa. La kuuliza ni kama badiliko limeligusa lile ambalo hadithi inamtaka msomaji alipime moyoni mwake, na kama limeguswa kwa kujua.

Badiliko mojawapo ambalo wapenzi wa Tolkien wamebishania sana ni lile la Faramir, mwana wa mtawala wa Gondor. Kitabuni anamkuta Frodo nyikani, anatambua amebeba nini, naye anamwacha aende zake. Katika filamu ya mwaka 2002 anakusudia kumpeleka Frodo na pete kwa baba yake, anamfikisha hadi mji wa Osgiliath, ndipo anapobadili nia. Watengenezaji walijitetea kwamba pete iliyomtisha kila mtu haiwezi kupita mbele ya mmoja bila kumtikisa, kwani watazamaji wangeacha kuiogopa. Kwa upande wa ufundi wa sinema, hoja hiyo ni nzuri. Lakini ndani yake imo dai jingine lisilotamkwa, kwamba mtu mwema asiyeyumba kwanza haaminiki. Dai hilo hatulikubali. Kila mwalimu amepata kumjua mwanafunzi ambaye, alipoletewa karatasi ya mtihani iliyoibwa, aliikataa papo hapo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua siku nyingi kabla kwamba yeye ni mtu wa namna gani. Watu hao ni wachache, nao wana haki ya kuwamo katika hadithi.

Hata hivyo, katika toleo refu la filamu hiyohiyo Faramir amepewa maneno ambayo kitabuni ni mawazo ya Sam, mtumishi wa Frodo, anapomwona askari wa upande wa adui ameuawa, akajiuliza kama kweli mtu yule alikuwa mwovu, au alidanganywa tu akatolewa kwao. Msomaji wa Kiafrika ana sababu yake ya kulikumbuka tukio hilo, kwa maana maiti ile ni ya mtu wa kusini mwenye mkono wa rangi ya kahawia, na katika vita vya Tolkien watu wa kusini hutokea kama majeshi ya adui. Maneno yamehama kutoka moyo wa mtumishi hadi kinywa cha jemadari, wala hayakupungua uzito. Hapo filamu ilibadili, tena ikawa aminifu. Kinyume chake ni mwisho: kitabuni wahobiti wanarudi kwao wakakuta majambazi wanatawala na miti imekatwa, ikawabidi wapigane tena nyumbani, filamu inawarudisha katika kijiji kisichokuwa na kovu hata moja. Nchi yoyote iliyopata kupeleka vijana vitani ingejua ni ukweli gani ulioachwa hapo.

Michezo ya kompyuta inalileta suala hili karibu zaidi, kwa kuwa humo mtu haangalii mwingine akijaribiwa: mkono unaotenda ni wake. Katika Shadow of Mordor, mchezo uliotoka mwaka 2014, mchezaji anamwongoza Talion, askari aliyeuawa pamoja na mkewe na mwanawe, ambaye hapati kufa kwa sababu roho ya mfua pete wa kale imeungana naye. Maadui zake, viumbe waitwao maorki, wana majina, sauti na kumbukumbu. Orki aliyekushinda jana atakusimanga leo. Kisha mchezaji anapewa uwezo wa kumshika orki usoni, kuiteka akili yake na kumfanya mtumishi. Katika mchezo uliofuata, wa mwaka 2017, inafuliwa pete mpya ya kutawalia. Yaani lile ambalo Gandalf na Galadriel walilikataa kitabuni ndilo linalomletea mchezaji ushindi. Mchezo huo wa pili ulipotoka, mtu aliweza hata kutoa fedha halisi kununua masanduku yenye wafuasi wa namna hiyo. Duka hilo liliondolewa mwaka 2018 baada ya manung'uniko mengi ya wachezaji.

Watetezi wa mchezo wana jibu lililotufanya tufikiri upya. Wanasema kwamba kitabu hukuambia utawala juu ya nafsi za wengine ni mtamu, lakini mchezo hukuonjesha. Na Talion mwishowe anaangamia, akawa mmoja wa vivuli tisa vinavyomtumikia Sauron. Je, hilo si fundisho la Tolkien lenyewe? Tunalikubali nusu. Adhabu inakuja baada ya saa nyingi za furaha ya kutawala, na hakuna mahali ambapo mchezaji anaweza kukataa na hadithi ikaendelea. Frodo aliweza kukataa kila siku ya safari yake. Ndiyo maana anaposhindwa, akiwa ukingoni mwa moto, kushindwa kwake kunatuuma.

Lipo kundi jingine la walalamikaji ambalo hatuwezi kulipita kimya. Tamthilia ya televisheni The Rings of Power ilipotoka mwaka 2022, baadhi ya watu walikasirika kwa kuwa waigizaji weusi walikuwamo, wakasema wanamtetea mwandishi. Wangemsoma kwanza! Katika dibaji ya riwaya Tolkien ameandika kwamba ukoo mmoja wa wahobiti ulikuwa na ngozi ya kahawia kuliko wenzao, wala hakuna uamuzi wa maadili katika kitabu chake unaotegemea rangi ya anayeuamua. Tulinganishe na malalamiko ya Ursula K. Le Guin wa Marekani. Katika A Wizard of Earthsea, riwaya yake ya mwaka 1968, shujaa Ged ana ngozi ya kahawia nyekundu na rafiki yake Vetch ni mweusi. Weupe ni wageni wanaokuja kuvamia. Aliwapa rangi hizo makusudi, katika nchi na wakati ambapo shujaa wa hadithi za maajabu alidhaniwa lazima awe mweupe. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikamfanya Ged mweupe, na Le Guin akapinga hadharani kwa maandishi. Malalamiko yote mawili yalitumia neno uaminifu. Moja lilikuwa na kitabu nyuma yake.

Mwaka 2006 Goro Miyazaki wa Japani akatoa filamu ya michoro iliyotokana na vitabu hivyohivyo, hasa kile cha tatu, cha mwaka 1972. Le Guin alimwambia kwa upole kwamba hicho si kitabu chake bali ni filamu ya Miyazaki, na kwamba ni filamu nzuri. Baadaye alieleza kilichomsumbua: uovu wote umewekwa ndani ya adui mmoja anayeweza kuuawa, na akishauawa mambo yamekwisha. Kitabuni Ged, ambaye neno letu mchawi halimfai hata kidogo, anaufunga mlango uliofunguliwa kati ya uhai na mauti, na kuufunga kunamgharimu uwezo wake wote wa uganga. Anarudi kisiwani kwao mgongoni mwa joka, hana tena la kufanya ila kutembea msituni.